Aliyetoa Mirija Motoni

Shilingi elfu themanini na sita za Uganda. Ukizigeuza ziwe za Kenya, kwa bei ya wale wabadilishaji wa mpakani wanaokutazama viatu kwanza ndipo wakutajie, ni elfu tatu na sabini hivi. Nimezihesabu mara mbili, nikienda na nikirudi, na hazikupungua. Teksi kwenda na kurudi, elfu kumi na nne. Bodaboda kuingia ndani na kutoka, elfu kumi. Sukari, mche wa sabuni, mkate na dagaa, elfu thelathini na mbili. Na kibanda changu cha viatu vya mitumba kufungwa Jumamosi nzima, siku ambayo hata asiyehitaji kiatu hununua, tuseme elfu thelathini, na hapo nimejipunja.

Kwa bei hiyo nilinunua nini? Nilinunua kuambiwa, mbele ya watu, kwamba utoto wangu ni wa mtu mwingine.

Keti, rafiki yangu, nikueleze. Si maneno mengi, ila nikiyafupisha nitakuwa nimekupimia kwa kibaba kilichobonyea.

Alhamisi mdogo wangu alinipigia simu. Yeye ndiye aliyebaki kijijini Kwapa, upande wa Uganda, kwa nyanya yetu. Mimi mama alinichukua kwenda Busia nikiwa na miaka minane, na tangu hapo nahesabiwa mtu wa upande wa Kenya. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba mdogo wangu huyu, niliyembeba mgongoni mpaka nikaota kibyongo cha muda, siku hizi huniongelesha Kiswahili. Lugha ya nyumbani anayo, na mimi ninayo, imeshika kutu kidogo tu. Lakini akisikia sauti yangu hugeuza ulimi, anashika Kiswahili kile cha sokoni, kana kwamba nimekuja kuuliza bei ya muhogo.

"Dada, jiko ya nyanya nabomoa Jumamosi," alisema. "Fundi nakuja asubuhi. Wewe nakuja, ama nakaa na viatu yako?"

Nilipokata simu nilikuwa tayari nimelinusa hilo jiko. Unajua harufu inavyofanya, haipigi hodi. Nilikuwa nimeshika kiatu cha kushoto cha mteja, naye ananyoosha mkono apewe cha kulia, na mimi niko Kwapa, nina miaka saba, machozi yananitoka kwa moshi, na wimbi linakaangwa.

Kwa nyanya kulikuwa na malwa. Kama hukukulia pande zetu nitakueleza mara moja, maana ukielewa hapa umeelewa yote. Malwa ni pombe ya wimbi. Unga huvundikwa, kisha donge lake hukaangwa kwenye bati pana juu ya moto mpaka linukie kama mkate ulioungua upande mmoja. Huanikwa, huchanganywa na kimea na maji, halafu huachwa lingoje siku zake. Siku ya kunywa, uji ule mzito hutiwa ndani ya chungu kikubwa, maji ya moto humiminwa juu, na watu huketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake. Mrija wenyewe ni mrefu kuliko mwanamume aliyesimama. Hutokana na mmea unaotambaa, ulio wazi ndani, na kwenye ncha inayozama chunguni hufumwa kichujio kidogo, kikapu cha kutosha sisimizi wawili, ili pumba zibaki chini.

Siku za palizi majirani walikuja kumlimia nyanya asubuhi, na mchana wakakizunguka chungu. Hakuna aliyeandika nani alilima mistari mingapi. Siku ya pili chungu kingekuwa kwa mwingine na nyanya angekwenda huko na jembe lake. Nilikuwa nasikia sauti yao kutoka jikoni: mvuto wa pamoja, kimya, kisha mtu mmoja anasema neno na kicheko kinaanza upande wa wanawake na kuzunguka mpaka upande wa wanaume.

Sasa, mrija hauazimwi. Kila mtu na wake. Na wale waliozoea kwa nyanya hawakuwa wakirudi nao nyumbani, waliuacha. Nyanya aliihifadhi yote jikoni, ndani ya bomba refu la matete lililolazwa juu penye moshi ili wadudu wasiitoboe. Alikuwa akisema, "Mtu akikuachia mrija wake amekuachia mguu mmoja. Lazima arudi kuufuata."

Kazi yangu ilikuwa mirija. Kuchota maji pia, kuchochea kuni pia, lakini hasa mirija: kuiosha, kuipuliza mpaka ipige mluzi, kung'uta vichujio, kuianika, kuirudisha. Ilikuwa kumi na saba. Wa mwalimu ulifungwa uzi wa bluu wa sweta. Wa katekista ulikuwa safi kuliko yote, ama kwa sababu alikunywa kidogo, ama kwa sababu alitaka tuamini hivyo. Wa jirani yetu wa upande wa mtoni ulikuwa na alama za meno. Aliutafuna akifikiri, na alikuwa mtu wa kufikiri sana. Nilihesabu watu kwa mirija yao kabla sijahesabu fedha ya mtu yeyote. Nilimkabidhi kila mmoja wake bila kuuliza, nao wakasema, huyu mtoto ni karani.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa na miaka minne, na kazi yake ilikuwa kupendwa. Alilala upande wa ndani wa mkeka, kwenye tumbo la nyanya. Mimi nililala upande wa mlango, kwenye baridi. Ukoko wa ugali wa wimbi ulikuwa wake. Nilifuatilia wiki nzima: yeye alipewa mara sita, mimi mara moja, na huo wangu ulikuwa umeungua. Usinicheke. Mtu mzima husahau hata jina la aliyemkopesha, lakini mtoto hasahau ukoko.

Nilikuwa na mirija tu. Na nilikuwa na ule moto.

Ulikuwa msimu wa kiangazi, saa za mchana, nyasi za paa zimekauka mpaka zinalia zenyewe. Jiko la wakati ule lilikuwa kibanda cha duara, cha udongo. Mimi nakumbuka ngurumo ya moto juu ya kichwa, kama mtu anayekunja turubai. Nakumbuka nimeikumbatia mirija, bomba limeshawaka kando yake, nami nimeinyakua na kuibana kifuani. Halafu nakumbuka hewa, na mbele yangu mwamba wa Tororo, mweusi, mkubwa, umesimama kule kana kwamba nao umekuja kutazama. Mirija kumi na saba, yote. Nyanya alinikamata bega. Nilingoja anisifu. Badala yake alinisukuma, "Kimbia mtoni, ukaoge, usirudi mpaka nikuite." Nilioga peke yangu, nikijisemea kwamba hata shujaa anatakiwa awe msafi.

Siku chache baadaye mama alikuja kutoka Busia na kuondoka na mimi. "Huyu anajua hesabu," alisema, "atanisaidia sokoni." Nami niliamini nimechaguliwa.

Busia tulikaa chumba kimoja karibu na soko. Ukilala unasikia malori ya mpakani yakipumua breki, ukiamka unanusa samaki. Mtoto wa kijiji akitupwa mjini lazima awe na kitu cha kujivunia, na mimi nilikuwa na moto. Niliwasimulia watoto wa ua mzima. Baada ya mvua, anga likisafika, tulipanda kwenye rundo la kokoto nyuma ya soko na mimi nikanyoosha kidole: "Mnauona ule mwamba? Pale chini ndipo nilipotokea na mirija." Wao walisema wanauona. Leo sijui kama mwamba ule unaonekana kweli kutoka pale. Rundo la kokoto limekuwa jengo la ghorofa tatu, siwezi kwenda kuhakikisha. Lakini nilikuwa nauona, na waliokuwa nami waliuona, na watoto sita hawawezi wote kukosea kwa bei moja.

Likizo nilirudi Kwapa. Jiko jipya lilikuwa limejengwa, la mraba, mahali pengine kwenye ua. Mdogo wangu alikuwa ameshahamia katikati kabisa ya mkeka. Mirija ilikuwa yake kuosha. Nilimkagua: aliipuliza vibaya, haikupiga mluzi. Na niliona jambo moja dogo ambalo sikulielewa. Yule jirani wa upande wa mtoni bado alikuja kwenye chungu, alivuta, alicheka, lakini jioni alisimama na mrija wake chini ya kwapa na kuondoka nao. Nilidhani uzee umempa ubahili.

Basi, Jumamosi nilifika.

Nyanya alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ukutani, amefunikwa blanketi ingawa jua lilikuwa linaunguza. Amepungua. Nilipomkumbatia nilihesabu mbavu bila kukusudia. Macho yamefunga ukungu, siku nyingine humwita mdogo wangu kwa jina la mama yetu aliyekwisha kufa. Fundi alikuwa juu ya paa anang'oa mabati ya zamani. Na pale chini, amesimama na kikombe cha chai kana kwamba yeye ndiye mwenye mji, alikuwa jirani, binti wa yule mzee wa upande wa mtoni. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne au mitano. Baba yake alikufa zamani. Yeye aliolewa hapo hapo karibu, akafiwa na mume, akarudi kulima shamba la baba.

"Eh, Kenya imekuja!" alipiga kelele. "Umeleta mizani ama umekuja mikono mitupu?"

"Nimeleta sukari, mama. Lakini wewe nitakupimia kwa kijiko."

"Pima tu. Tumbo langu halijui hesabu."

Tulicheka. Nilikuwa na furaha, nakuambia kweli. Nilikuwa nimesimama kwenye ua wangu, vumbi la jiko linanipaka, na moyo unasema umefika. Ndipo fundi aliposhuka, akauliza kwa nini nyanya anang'ang'ania aachiwe nafasi ndefu juu ya ukuta wa jiko jipya.

"Ya mirija," jirani alimwambia. "Hapa mirija ndiyo watu. Hujui habari ya moto? Huyu hapa," na akamshika mdogo wangu bega, "huyu, akiwa mtoto hivi, aliingia ndani ya jiko linalowaka akaitoa mirija ishirini na moja. Ishirini na moja! Na wa baba yangu ukiwemo."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anatabasamu kwa aibu, ile aibu ya mtu anayesifiwa kila mwaka na ameshaizoea.

"Samahani," nilisema. "Ishirini na moja kutoka wapi? Ilikuwa kumi na saba."

"Wewe unajuaje?"

"Kwa sababu niliitoa mimi."

Fundi aliweka nyundo chini.

"Haya basi," jirani alisema, na macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. "Mkenya, hata hadithi unataka kuvusha mpaka bila ushuru? Sisi tulikuwa hapa! Mimi mwenyewe nilikuja mbio na baba yangu. Huyu alikuwa ameketi chini, mirija mbele yake, analia. Wewe hukuwepo."

"Mtoto wa miaka minne, mirija mirefu kuliko mwanamume?"

"Mungu humpa mtu nguvu."

"Mungu angempa nguvu ya kubeba kumi na saba. Hiyo minne mingine mmemwongezea nyinyi."

Mdogo wangu aliweka sinia la vikombe chini. "Dada," alisema polepole, "mimi sijasema kitu. Watu ndio nasema."

Na hilo ndilo liliniuma kuliko yote. Hakunyang'anya hata kidogo. Alipewa, kama alivyopewa ukoko. Miaka yote hiyo mimi nawasimulia watoto wa wauza samaki, yeye amekaa hapa anapokea sifa zangu pamoja na maembe ya kwanza ya kila msimu.

Nilitoa ushahidi wangu mkubwa. Nilisema nilipotoka niliuona mwamba mbele yangu, nauona mpaka leo nikifumba macho. Nani mwingine ana picha hiyo?

Mdogo wangu alitikisa kichwa, kwa huruma, na huruma yake nikaichukia. "Mwamba naona ukitoka jiko *hii*, dada. Hii tunabomoa leo. Ile ya kwanza, mlango yake naangalia ghala. Wewe nachanganya. Ulikuja likizo, ukaona mwamba mlangoni, ukaiweka kwa moto."

Sikukubali. Mimi ni mtu wa kupima. Tulikwenda sote mahali palipokuwa na jiko la kwanza, siku hizi ni shina la ndizi. Ghala halipo, lakini mawe yake manne yamebaki ardhini. Mdogo wangu alipiga hatua kutoka kwenye mawe: kumi na mbili. Nikazipiga mimi: kumi na mbili na nusu. Akachomeka kijiti. "Mlango hapa." Nikasimama kwenye mlango usiokuwepo, nikaangalia nje. Mbele yangu mawe ya ghala, muhogo, na paa la jirani. Mwamba wa Tororo ulikuwa nyuma ya kisogo changu.

Wewe umewahi kusimama mahali pako ukaambiwa na mahali penyewe kwamba unadanganya? Miguu yangu ilikuwa inapajua pale. Pua ilipajua. Lakini hesabu ilikataa, nami sijawahi kubishana na hesabu.

"Pole, mama," jirani alisema, na sasa hakuwa akinitania. "Sisi sote husahau. Mimi yangu najua kwa sababu ilinigharimu. Mbegu zetu za wimbi zilikuwa zimening'inizwa jikoni mwa nyanya yenu, kwetu kulivuja. Zikaungua zote. Baba akauza mtamba ili anunue mbegu. Ule mtamba ulikuwa karo yangu." Akacheka kidogo. "Ndiyo nikaolewa mapema. Moto mmoja tu."

Tulirudi uani. Wao wakaenda nyuma na fundi kuchagua nguzo za kubakiza. Mimi nikaketi chini kando ya kiti cha nyanya, nikiwa na hasira kama mtu aliyerudishiwa noti bandia yake mwenyewe.

Nilidhani amelala. Alizungumza kwa lugha yetu, na mimi ninaiweka hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Hukutokea mlangoni," alisema.

"Nini, nyanya?"

"Mlango ulikuwa unawaka. Ulitokea kwenye tundu la kuku. Nyuma. Mirija ilitangulia, halafu kichwa chako. Nilikuvuta kwa nywele."

Tundu la kuku! Rafiki yangu, lilikuja lote kwa mara moja: jiwe tulilozibia usiku, manyoya, udongo ukinikwangua tumbo. Nyuma. Upande wa mwamba. Nilitaka kuruka, nimwite jirani, nimwite fundi, nimwite mdogo wangu aje na hatua zake kumi na mbili.

Nyanya alinishika mkono. Mkono wake ni mwepesi kama ganda la njugu, lakini ulinikalisha.

"Na nani alitundika mirija mibichi juu ya mafiga," aliuliza, "akachochea kuni ili ikauke upesi?"

Hapo nikaiona siku ile yote. Wageni walikuwa njiani, nilikuwa nimechelewa kuosha, na badala ya kuianika juani niliipanga kwenye uchaga juu ya moto, bomba la matete kando yake. Kisha nikaweka kuni kavu, nyingi, nikatoka nje. Nilikwenda kumfinya mdogo wangu, kwa ajili ya ukoko. Nakumbuka hata mahali nilipomfinya. Miaka yote hii nilikuwa nimeubeba moto, lakini nilikuwa nimeanza kuusimulia kuanzia katikati.

"Yule mzee alikuja anatetemeka," nyanya alisema. "Mbegu zake. Aliuliza, nani alikuwa kwenye moto? Kila mtu alijua jikoni ni kazi yako. Ningesema wewe ndiye umetoa mirija, wangejua ulikuwa ndani. Nikakutuma mtoni. Nikamkalisha mdogo wako kwenye mirija. Mtoto wa miaka minne, nani atamuuliza kuni? Nikamwambia mzee pembeni, ni mimi nilichochea moto, ni mimi nilisahau." Alijivutia blanketi mabegani. "Hakunitukana. Aliuchukua mrija wake tu. Halafu nikamwita mama yako aje akuchukue, kabla hujaanza kujisifu. Wewe ulikuwa mtoto wa kujisifu."

Nikafikiri amemaliza. Alifumba macho, na kwa ukungu uleule akaniita kwa jina la mama yangu.

Mdogo wangu alirudi na chai. Nikamwuliza, kwa lugha ya nyumbani safari hii, na kwa mara ya kwanza alinijibu kwa lugha hiyo hiyo: wewe mwenyewe unakumbuka nini, si wanachosema watu, wewe?

Alifikiri. "Nakumbuka ninalia, kuna mahali paliniuma mkononi. Halafu watu wananiinua juu. Sikujua kwa nini wananiinua." Akanimiminia chai. "Kama hadithi ni yako, dada, ichukue. Mimi nilikuta nimepewa."

Mimi, ambaye hata bei ya kusema asante huwa naishusha kwanza, nilipewa bure nikashindwa kupokea. Kwa sababu haiuzwi nusu. Ukichukua mirija unachukua na kuni. Na nyuma tu ya ukuta nilimsikia jirani anamtania fundi kwamba misumari yake imepinda kama nadhiri za mume wake.

Nitakuambia kitu cha aibu. Nilijua yote hayo, nilikuwa nimeketi nayo mapajani, na bado niliona wivu. Si kwa sababu ya sifa tena. Nilimwonea wivu mdogo wangu kwamba anaweza kusimama kwenye lile shina la ndizi bila kuwa na siri nalo. Kwake ni ndizi. Kwangu, tangu Jumamosi, lina milango miwili. Nikamwonea wivu hata jirani, ambaye maumivu yake yana mwanzo na mwisho na anaweza kuyacheka mbele ya kikombe cha chai. Halafu nikahesabu tena, kama desturi. Mdogo wangu alipewa ukoko mara sita na hadithi moja. Mimi nilipewa uongo mmoja, uliobebwa na mwanamke mmoja kwa miaka yote hii mbele ya jirani yake mwenyewe kila siku ya chungu, bila kuuweka chini hata mara moja. Sijui ni upi mkubwa. Mizani yangu haipimi vitu vya namna hiyo.

Jiko jipya litakwisha mwezi ujao. Litakuwa la matofali. Nyanya amesema chungu cha kwanza kikitoka anataka niketi, si kuleta maji, kuketi. Wakati wa kuaga, jirani alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, iwapo siku hiyo atauacha mrija wake kwa nyanya.

"Ah, mimi hurudi nao," alisema. "Baba alinifundisha hivyo. Tukitoka hapa, kila mtu na wake chini ya kwapa. Kwa nini, hata sijui. Labda alikuwa bahili tu, maskini."

Aliinua mkono, bodaboda ikaondoka.

Sasa wewe unanijua tangu zamani, na umenisikiliza mpaka hapa, kwa hiyo nakuomba ushauri. Nyanya hana miezi mingi. Nikinyamaza, yule mama ataendelea kutembea njia ile kila jioni akimdhania baba yake bahili. Nikisema, nitakuwa nimemvua nyanya uongo wake mbele ya mtu aliyemficha, naye bado anasikia. Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo hasa linalonikosesha raha. Siwezi kumwambia ni mimi niliyewasha bila kumwambia ni mimi niliyetoa. Maneno ni yale yale. Najijua. Nitakapofungua mdomo, sitajua kama naungama au najisifu, na nina hofu kwamba yeye atajua. Wewe ungekuwa mimi ungemwambia? Na ungemwambia nyanya akiwa ameketi hapo, au ungengoja?